Kiboko Aliyeagiza Starehe

Haya, sogeeni. Kila mtu na ungo wake, kila mtu na kunde zake. Anayechambua anasikia, asiyechambua nitamgeuzia kisogo. Kombo! Hizo si za kutafuna mbichi, ni za chunguni. Haya, tuendelee.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba na vyungu na majirani wa kuwasema, palikuwa na jabali kubwa. Juu ya jabali hilo waliishi Pimbi: baba, mama na watoto sita. Mkubwa aliitwa Chonge, kwa sababu ya meno yake, na mdogo kabisa aliitwa Kidoti.

Pimbi mnamjua? Kajinyama kadogo, kanene kiasi, hakana mkia. Ukikaweka kwenye kapu la sokoni kanabaki na nafasi ya kujigeuza. Lakini Mama Chonge alikuwa na akili inayofika kabla yeye mwenyewe hajafika. Na mumewe, Baba Chonge, alikuwa na adabu. Adabu mpaka inachosha!

"Baba yangu," alikuwa akisema kila siku, "na babu yangu, na baba wa babu yangu, hawakula hata siku moja wamefunga mlango!"

Basi kwao Pimbi mambo yalikuwa hivi. Chakula huliwa barazani, juu ya mkeka, pale ambapo njia inaonekana. Akipita mtu, awe nani awe nani, unamwambia, "Karibu!" Naye mpita njia mwenye adabu anajibu, "Starehe!" Maana yake, kaeni kwa raha zenu, msisumbuke kwa ajili yangu. Unamwambia tena, "Karibu bwana!" Anajibu tena, "Starehe!" Ukimshikilia mara ya tatu, ndipo anapokuja, anamega tonge moja, anasema kimenoga, anakwenda zake. Yeye hakunyimwa, na wewe hukulala njaa.

Na mgeni akikaa kula hasa, hubakiza kidogo sahanini. Kubakiza ndiko kusema nimeshiba. Sahani ikiwa tupu, basi mgeni bado ana njaa, na mwenyeji lazima aongeze. Hata ikibidi aongeze na chakula cha watoto, ataongeza.

Mila nzuri kabisa hiyo, ikiwa nyote mnaijua.

Sasa, mwaka huo jua lilikuwa kali. Ghalani mwa Pimbi palikuwa na matenga manne ya mtama, na mvua ilikuwa mbali. Mama Chonge alipima kwa kibaba chake, akahesabu kwa vidole, akahesabu na vya mumewe, akasema, "Tukila kwa kujibana, matatu yatatufikisha. La nne ni mbegu, halina mtu wa kuligusa."

Ndipo akaja Kiboko.

Mto wake wa huko juu ulikuwa umekauka, akateremka mpaka kwenye bwawa lililo chini ya jabali. Hakuwa mtu mbaya. Nawaambia mapema msije mkamchukia bure. Alikuwa mkubwa tu, na mgeni tu, na njia yake ya kwenda malishoni ilipita mbele ya baraza ya Pimbi, saa ileile ya ugali wa mchana.

Ndu! Ndu! Ndu! Sahani zikaanza kucheza.

"Karibu!" Baba Chonge akasema, kama alivyozoea.

Kiboko akasimama. Huko kwao mto wa juu, neno hilo husemwa mara moja tu. Ukiitwa, unakwenda. Kumwacha mtu na "karibu" yake mdomoni ni matusi makubwa, watu wamegombana vizazi na vizazi kwa jambo hilo.

"Asante sana, ndugu yangu!" akasema, akakaa.

PWAA! Mkeka ukalia. Kidoti akarushwa juu, akaangukia mapajani mwa mama yake.

Baba Chonge akamsogezea mgeni sahani. Kiboko akafungua kinywa, na watoto wote sita wakasahau kutafuna. Mchwaa! Ugali umekwisha, mboga imekwisha, sahani imelambwa inang'aa. Kwa nini? Kwa sababu kwao, kubakiza ni kumwambia mpishi kwamba hajui kupika.

Baba Chonge akaitazama sahani tupu. "Mama Chonge," akanong'ona, "mgeni bado ana njaa. Ongeza."

Akaongeza. Mchwaa!

"Ongeza."

Mchwaa!

"Ongeza, mke wangu."

"Cha watoto?"

"Ongeza!"

Jasho linamtoka Kiboko, machozi yanamtoka Baba Chonge. Huyu anamaliza kwa heshima, yule anapakua kwa heshima, na hakuna wa kumwambia mwenzake basi. Wakaenda hivyo mpaka mwiko ukagonga chini ya chungu: ko, ko, ko.

Ndipo Kiboko akajikokota akainuka, akavuta pumzi, akatoa mbweu. MBWEEEU! Chonge akakimbilia nyuma ya ghala akidhani jabali linapasuka.

"Hiyo ndiyo asante ya kwetu," Kiboko akasema. "Kesho nikipita, mkiniita nitaitika."

Na kesho yake akapita. Akaitwa. Akaitika. Na kesho kutwa. Na mtondo.

Tenga la kwanza likaisha, ambalo lilikuwa liliwe siku nyingi.

"Baba," Chonge akasema, "kwa nini tusile ndani?"

"Ndani? Ebo! Sisi wezi? Wachawi sisi?"

"Basi usimkaribishe," Mama Chonge akasema.

"Nisimkaribishe! Mtu apite namwona, ananiona, mimi natafuna tu, namtazama? Nitaweka wapi uso wangu?"

"Basi mwambie kweli. Mwambie chakula ni kidogo."

Baba Chonge akashika kifua. "Mke wangu! Nimwambie mgeni kwangu hamna kitu? Bora nife."

"Utakufa kweli," Mama Chonge akasema, "na sisi tutakufuata unyounyo."

Na usimcheke Baba Chonge, Mize. Hata hapa kwetu wapo wa namna hiyo. Wanakopa sukari kwa jirani ili wamnyweshe chai jirani huyohuyo.

Tenga la pili likaisha. La tatu likafika nusu. Watoto wakawa wanakula makoko ya chungu. Kidoti akaja kwa mama yake, akamshika nguo, akasema, "Mama, tumbo langu linaongea."

"Linasemaje?"

"Linasema karibu."

Mama Chonge hakucheka. Alikwenda ghalani, akasimama mbele ya lile tenga la mbegu, akahesabu siku kwa vidole. Wiki moja zaidi na wangelifungua. Na wakila mbegu, mvua ikija watapanda nini? Watapanda adabu ya Baba Chonge?

Siku hiyohiyo mchana, Kiboko yuko mkekani, sahani ya nne, jasho linamtiririka, akapita Bi Kobe na kapu lake kichwani.

"Karibu, Bi Kobe!" Baba Chonge akaita.

"Starehe!"

"Karibu bibi, karibu!"

"Starehe, starehe!" Bi Kobe akajibu, akapita zake taratibu.

Kiboko akaacha kutafuna. Akamfuata Bi Kobe kwa macho mpaka akapotea. Kisha akamgeukia Mama Chonge, amenuna kidogo.

"Bibi, nina neno. Naomba lisikuudhi."

"Sema tu, Bwana Kiboko."

"Tangu nifike nchi hii namsikiliza kila anayepita hapa. Juzi Nungunungu: starehe! Jana Kima na wanawe: starehe, starehe! Leo Bi Kobe. Hakuna hata mmoja anayeagiza ugali. Mimi peke yangu ndiye mnayenishindilia ugali wa mtama. Hiyo starehe ni chakula gani? Na mimi nimekosa nini hata nisipewe?"

Lo! Baba Chonge akashusha tonge. "Ah, bwana wee, umekosea, starehe si cha—"

Mama Chonge akamkanyaga mguu. Kacha!

"Aaai!"

"Baba Chonge, nenda kaangalie moto."

"Moto gani?"

"Moto wowote!"

Baba Chonge akaenda akichechemea. Mama Chonge akakaa karibu na Kiboko, akajifunga kanga vizuri, akateremsha sauti.

Sasa hapa acheni kunde kidogo. Nataka msikilize neno moja moja, halafu mtaniambia kama alisema uongo.

"Bwana Kiboko, umetukamata. Starehe ipo."

"Ahaa! Nilijua! Tamu?"

"Hakuna kitu kitamu kama starehe. Watoto wakiipata wanalala bila kulia. Baba Chonge akiipata anaimba. Na mimi mwenyewe, Mungu shahidi, tangu ulipofika hapa sijaionja."

"Masikini! Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya ugali huu. Starehe na ugali huu havikai baraza moja."

Kiboko akaisukuma sahani kwa pua. "Basi na mimi naitaka. Nifanyeje?"

"Ni rahisi. Ukisikia karibu, jibu kwa sauti, starehe! Inamisha kichwa kwa heshima, kisha pita. Usikae mkekani, usimege hata tonge. Ukimega, starehe yote imeharibika."

"Yote?"

"Yote. Tena usisimame kutazama chungu. Starehe hupatikana mgeni anapokwenda zake."

"Ajabu! Na huchukua siku ngapi?"

Mama Chonge akatazama mbingu. Hata wingu moja hakuna. "Njoo siku ya mvua ya kwanza," akasema. "Siku hiyo nitakwambia starehe yako imefikia wapi."

Kiboko akainuka, amefurahi kupita kiasi. Akataka kutoa mbweu, akajizuia asije akaharibu.

Alipoondoka, Baba Chonge akarudi amekunja uso. "Mke wangu, umemdanganya mgeni."

"Nimemdanganya neno gani?"

Baba Chonge akafikiri. Akarudia neno la kwanza, akarudia la pili, akarudia yote akihesabu kwa vidole. "Nimelitafuta," akasema, "sijaliona."

"Basi kula."

Kesho yake, saa ya ugali, wote wamekaa mkekani na roho ziko mkononi. Ndu! Ndu! Ndu!

"Ka... karibu!" Baba Chonge akaita.

Kiboko akasimama. Akanyoosha shingo, kama anayo. Akainamisha kichwa.

"STA-RE-HEEEE!"

Ndege wote wakaruka mtini. Akapita, hakugeuka nyuma.

"Karibu bwana!" Baba Chonge akasema tena, maana mila ni mila.

"STAREHE KUBWA!" Kiboko akajibu kutoka kule njiani.

Wale Pimbi wakatazamana. Kisha wakala. Wakala polepole, wakatafuna, wakameza, wakabakiza kidogo. Kidoti akalala palepale na tonge mkononi. Na Baba Chonge, aliyekuwa hajaimba kwa mwezi mzima, akaanza kuimba, kwa bahati mbaya. Sauti hakujaliwa.

Basi ikawa hivyo kila siku. Na mnajua tena majirani. Bi Kobe akamwambia Nungunungu, Nungunungu akamwambia Kima, na Kima akishajua jambo nchi nzima inajua.

"Mmemwona yule mgeni wa bwawani? Mkubwa vile, lakini adabu!"

"Mimi nilimwambia karibu muhogo, akajibu starehe mpaka muhogo ukaanguka!"

"Kalelewa yule. Kalelewa hasa."

Kiboko akisikia hivyo anavimba kichwa, anazidisha. Kila baraza anayopita anaitikia, na kila jioni anahesabu moyoni: leo nimeagiza starehe kwa Pimbi, na kwa Kima, na kwa Nungunungu. Siku ya mvua nitakula mpaka nizimie!

Lakini iko siku moja ambayo mambo nusura yaharibike. Siku hiyo Mama Chonge alipata kunde kidogo, akaziunga kwa karanga. Harufu ile! Iliteremka jabalini, ikafika bwawani, ikamshika Kiboko pua, ikamvuta.

"Karibu!" Baba Chonge akasema.

"Sta... starehe," Kiboko akajibu, mate yanamdondoka.

"Karibu bwana!"

"Starehe..."

"Karibu, bwana, mara ya tatu hii!" Baba Chonge akasema. Mkewe akamtolea macho, lakini wapi, neno limeshatoka.

Kiboko akaweka mguu mmoja juu ya mkeka. Watoto wakavuta sahani zao.

"Bibi," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "nikimega kidogo tu, itaharibika?"

"Yote, Bwana Kiboko."

"Tonge dogo? La mtoto?"

"Hata la mtoto."

Kiboko akafumba macho. Mguu ukatetemeka, mkeka ukatetemeka pamoja nao. Kisha akauondoa mguu, akapiga kelele kama mtu anayechomwa mwiba: "STAREHE! NA MCHUZI WAKE!" Akakimbia mpaka bwawani, akajitosa, chubwi!

Mama Chonge akajifuta jasho. Tangu siku hiyo hakuunga tena kunde kwa karanga mpaka masika.

Na masika hayaombwi, huja yenyewe. Asubuhi moja tone lilianguka puani mwa Baba Chonge. To! La pili. To, to! Mara mbingu zikafunguka, waaaa!

Watoto wakatoka kucheza. "Mvua! Mvua! Mvua!"

Na huko chini wakasikia, ndu-ndu-ndu-ndu-ndu! Huyo anakuja, amejisugua anang'aa, kwapani amebana chano, sinia la mti, kipana mno, Pimbi wote nane wangeweza kuogea ndani yake.

"Hodi! Hodi jamani! Mvua imenyesha! Pakueni!"

Watoto wakatoweka. Baba Chonge naye akatoweka, akakutwa baadaye nyuma ya tenga la mbegu. Maana lilikuwapo, zima, halijafunguliwa. Lakini Kiboko akikasirika, kwa teke moja tu, ghala na mbegu na jabali vyote vingekuwa bwawani.

Mama Chonge akatoka peke yake. Aliogopa. Msidhani mwerevu haogopi. Lakini akatoka.

"Karibu, Bwana Kiboko."

"Starehe!" Kiboko akajibu kwa mazoea, kisha akajishika mdomo. "Aa, hapana, leo si ya kuagiza, leo nimekuja kuichukua!"

"Weka chano chini, bwana. Nilikuahidi kukwambia starehe yako imefikia wapi. Imekwisha. Tumeila sisi."

"Mmekula starehe yangu?"

"Yote. Kila siku uliyopita, ulituachia, nasi tukala. Starehe si chakula, Bwana Kiboko. Kwetu, mtu akikwambia karibu, unamjibu starehe, yaani kaeni kwa raha zenu, sitaki kuwapunguzia. Ulipokuja tulikuwa na matenga manne. Ulipoanza kupita bila kula, lilikuwa limebaki nusu tenga na mbegu. Wanangu walikuwa wanakula makoko. Hiyo nusu tumeinyoosha kibaba kwa kibaba, ndiyo imetufikisha leo. Sasa hasira zako nishushie mimi, watoto hawamo."

Chano kikaanguka. Gu!

Kiboko akafungua kinywa. Akakifungua, akakifungua, meno yote nje. Na Kiboko akifungua kinywa hivyo, hata mamba huhama. Mama Chonge akafumba macho.

Lakini kilichotoka humo kilikuwa sauti ndogo tu.

"Makoko?" Kiboko akasema. "Watoto walikuwa wanakula makoko? Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie chakula hakitoshi? Kwetu ni aibu kubwa!"

"Na kwa nini mlikuwa mnaongeza, mnaongeza? Mimi nilikuwa nashiba sahani ya kwanza! Ya pili inanikaa hapa, ya tatu inanikaa hapa! Nilikuwa nafika bwawani naelea kama gogo, tumbo linaniuma usiku kucha!"

Baba Chonge akachomoza kichwa ghalani. "Ulikuwa umeshiba? Mbona hukubakiza?"

"Nibakize! Nimtukane mkeo? Kwetu anayebakiza hatakiwi tena!"

"Na ulikuwa unakuja kila siku kwa nini?"

"Si ulikuwa unaniita!"

Mvua inanyesha. Kisha Kidoti akatoka katikati ya miguu ya baba yake, akawatazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo baba alikuwa analia, na wewe ulikuwa unatokwa jasho, na ugali wetu ukaisha bure?"

Kiboko akatazama chini. Midomo ikaanza kumcheza. Kwanza kidogo, halafu bega, halafu tumbo lote, mara akaangua kicheko, na Mama Chonge akaangua, na watoto wote wakaangua. Baba Chonge akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini matopeni.

"Lakini bibi," Kiboko akasema akijifuta machozi, "umenifanya mjinga mbele ya nchi nzima."

"Nchi nzima inakusifu, bwana. Hakuna mwenye adabu kama wewe, muulize Kima."

"Hilo ni kweli," Kiboko akakubali.

Basi pale barazani palikuwa na sahani ya ugali wa siku hiyo, imefunikwa kwa kawa. Baba Chonge akainuka, akamwona mgeni amesimama kwenye mvua, akaona na chakula kiko hapo. Neno likamtoka lenyewe.

"Karibu!"

Mama Chonge akashika kichwa.

Kiboko akaitazama sahani. Ndogo. Akawatazama watoto. Sita. Akainamisha kichwa, na safari hii hakupiga kelele.

"Starehe," akasema. "Kaeni kwa raha zenu."

"Karibu bwana."

"Starehe, ndugu yangu."

"Karibu," Baba Chonge akasema mara ya tatu, na tangu azaliwe hakuwahi kulisema neno hilo akilitaka kwa moyo kama siku hiyo.

Ndipo Kiboko akasogea. Akamega tonge moja, dogo, kwa ncha ya mdomo. Akatafuna. "Kimenoga," akasema, na sahani akaiacha na chakula chake.

Kisha akavimba mashavu. Akakaza macho. Akawa anahangaika.

"Una nini, bwana?" Baba Chonge akauliza.

"Mbweu. Najua kwenu ni vibaya."

"Ah, itoe tu! Kwako ni asante. Nimeshajua."

MBWEEEU! Kidoti akaruka hewani, akashuka akipiga makofi. "Tena! Tena!"

Kiboko akaokota chano chake, akakifuta maji. "Sasa sikilizeni. Maji yamejaa, majani yanaota, nami nina jiko langu bwawani. Kesho ni zamu yenu. Nikisema karibu, nasema mara moja."

Baba Chonge akakitazama kile chano. Akakipima kwa macho kutoka upande huu mpaka upande ule, akameza mate.

"Tutakuja, bwana. Ila tukishiba, tutabakiza kidogo, kwa heshima."

"Thubutu!" Kiboko akasema.

Na wanasema kesho yake Pimbi wote nane walirudishwa jabalini wamebebwa mgongoni mwa Kiboko, matumbo kama ngoma, hawawezi kutembea, na aliyetoa mbweu kubwa kuliko wote alikuwa Baba Chonge.

Adabu ya kwenu huishia mlangoni kwenu: ukifika kwa wenzio, uliza kwanza, na ukiwa mwenyeji, sema.

Hadithi imeiva, kunde bado. Kombo, lete chungu. Na hizo ulizoficha shavuni, zitie humo pia.